"Oya" ya Mpanda si "Oya" ya Mjini

Mtu wa visiwani anayetaka kwenda Mpanda hana budi kujiandaa kwa safari ndefu. Huvuka bahari hadi Dar es Salaam, akashika Reli ya Kati hadi Tabora, kisha akafuata tawi linaloachana na njia ya Kigoma pale Kaliua na kuingia katika misitu ya miombo mpaka reli inapokoma. Tawi hilo lilijengwa katika enzi ya utawala wa Waingereza ili kuchukua madini ya risasi. Mgodi ule ulikuja kufungwa, lakini mji ulibaki na ukakua, na tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa.

Mwandishi wa safu hii alifika huko na mzigo wake wa lugha, akidhani kwamba Kiswahili alichokunywa pamoja na maziwa ya mama kingemtosha kwa kila jambo. Siku ya pili tu alipata somo.

Ilikuwa asubuhi, kwenye stendi. Bibi mmoja mzee, mwenye kitenge kilichopauka na mfuko wa maharage, aliteremka kutoka kwenye gari lililotoka upande wa Katumba, akifuatana na mjukuu wake wa kike. Kijana wa bodaboda alimwendea kwa bashasha. "Bibi, karibu, nikupeleke." Bibi akajibu kwa sauti ya chini: "Oya." Kijana akaangua kicheko. "Na wewe bibi unasema oya! Basi panda, twende zetu!" Akaushika ule mfuko, akauweka juu ya pikipiki. Wenzake wakacheka pia, kwa kuona kwamba ajuza amejifunza lugha ya vijana. Bibi aliukamata mfuko wake kwa mikono miwili, akarudia kwa nguvu zaidi: "Oya! Oya!" Na kadiri alivyorudia, ndivyo kicheko kilivyozidi.

Mjukuu ndiye aliyekata shauri. "Kaka, bibi amesema hapana."

Kicheko kikazimika. Kijana aliurudisha mfuko, akavua kofia, akaamkia: "Shikamoo bibi, nisamehe." Bibi akaitikia "Marahaba" kwa Kiswahili safi, akaenda zake kwa miguu.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, tena liliisha kwa adabu. Lakini linafaa kutazamwa na kila mtumishi wa umma, awe mzaliwa wa Bara au wa Visiwani, kwa sababu neno lile lile lingeweza kutamkwa mahali pengine ambapo kosa halirekebishwi kwa kuvua kofia.

Katika Kirundi, na katika Kinyarwanda kilicho ndugu yake, "oya" ni hapana. Katika Kiswahili cha vijana wa mjini, "oya" ni mwito, kama kusema "wewe, sikiliza". Bibi alikuwa anakataa. Kijana alisikia anaitwa. Hapakuwa na mwongo wala mjinga baina yao. Palikuwa na neno moja tu, na masikio mawili yaliyolelewa mbali mbali.

Wasomaji wetu wa visiwani wasioujua vizuri Mkoa wa Katavi yafaa wakumbushwe kwa nini Kirundi kinasikika kwenye stendi ya Mpanda. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi ya kulima katika makazi makubwa: Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakajenga shule na nyumba za ibada. Baada ya miongo kadhaa, wengi wao waliomba uraia. Zaidi ya watu 160,000 kutoka makazi hayo matatu walikubaliwa, na kuanzia mwaka 2014 walikabidhiwa vyeti vyao. Leo hao ni Watanzania. Watoto na wajukuu wao wamesoma katika shule zetu, na wengi husema Kiswahili kisichotofautiana na cha jirani zao.

Wala Kirundi si lugha pekee. Katika mkoa huo huo wapo Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Warungwa, wenyeji wa tangu zamani. Wapo Wafipa kutoka kusini, Waha kutoka kaskazini, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Kiswahili ndicho daraja baina yao wote, na ni daraja imara. Lakini kila daraja lina ncha mbili, na mtu mwenye hofu au maumivu mara nyingi hurudi kwenye ncha ile aliyozaliwa. Mzee aliyesema Kiswahili kwa miaka hamsini, siku anapoteguka mguu, hulia kwa lugha ya mama yake.

Hebu sasa tulifuate neno hili "oya" nje ya Katavi, tuone limevaa nguo gani huko liendako.

Nchini Kenya, kwa Wakikuyu, "oya" ni "chukua". Mtu anayekunyoshea kikombe cha chai hukwambia "oya", naye anakukirimu. Mrundi akikirimiwa hivyo kwa mara ya kwanza angeweza kujiuliza kwa nini mwenyeji wake anampa kitu huku akimkataza.

Huko Nigeria, kwa Wayoruba, neno hilo huhimiza: haya, twende, usikawie. Na kwa matamshi yaliyo tofauti kidogo, kwa o iliyo wazi zaidi, Oya ni jina la mungu wa kike wa upepo na tufani katika dini yao ya jadi, na Wayoruba huuita mto Niger kwa jina lake. Watu waliotekwa na kuuzwa utumwani walilichukua jina hilo hadi ng'ambo ya Atlantiki, na hata leo linatajwa katika ibada kwenye kisiwa cha Cuba. Na katika Cuba hiyo hiyo, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Marekani ya Kusini, mpishi akisema neno linalosikika "oya" kwa Kihispania, anataka chungu cha kupikia.

Tukirudi katika bahari yetu ya Hindi, tunakifikia kisiwa cha Sri Lanka. Huko, kwa Kisinhala, "oya" ni mto au kijito, na ramani ya kisiwa imejaa majina hayo: Maha Oya, Deduru Oya, Kala Oya. Ukiivuta irabu ya mwisho, neno lageuka kuwa "wewe", linalosemwa baina ya watu wanaozoeana. Kwa hiyo Msinhala na kijana wetu wa bodaboda wamekaribiana bila ya kujuana, maana wote wawili humtumia "oya" mtu aliye mbele yao.

Kwa Waturuki, "oya" ni nakshi za uzi zinazofumwa kwa sindano kuuzunguka ukingo wa ushungi. Akina mama wa visiwani watalielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Inasimuliwa kwamba wanawake wa huko walizoea kusema kwa nakshi yale ambayo ulimi haukuweza kuyasema: aliyefuma ua fulani alikuwa na furaha, na aliyefuma pilipili alikuwa amekorofishana na mumewe. Sisi tunayo kanga, nayo husema. Wao wanayo oya.

Na kwa Wajapani, watu wa visiwa kama sisi, "oya" ni mzazi. Wana chakula kimoja cha wali uliofunikwa kwa nyama ya kuku na mayai, na jina lake huanza na neno linalomaanisha "mzazi na mwana", kwa kuwa kuku na yai vimekutana katika bakuli moja. Wajapani hao hao hulitumia neno hilo pia kwa kushangaa, kama sisi tunavyosema "ala!"

Na hapa nyumbani, katika mikutano ya hadhara, sote tumezoea kusikia jina la chama au la taifa likitajwa na umati kuitikia "oyee!" Mgeni aliyetoka Burundi jana, ambaye hajazoea desturi zetu, angeweza kudhani kwamba uwanja mzima unakataa.

Je, kuna undugu baina ya maneno haya yote? La. Ni sadfa, na hesabu yake si ngumu. Chukua irabu zetu 5 na konsonanti 20 tu. Ukitaka kuunda neno la irabu, konsonanti na irabu, kama "oya", "ona" au "ita", utapata maumbo 500 na hutapata zaidi. Lugha za dunia zinakadiriwa kufika 7,000. Hata zile zenye sauti nyingi kuliko zetu huvutiwa na maneno mafupi kwa mambo ya kila siku: kukubali, kukataa, kuita, mzazi, maji. Watu ni wengi na maumbo mafupi ni machache, kwa hiyo hayana budi kuazimwa tena na tena, kila kabila likiyatia maana yake. Neno likizidi ufupi, huzidi uwezekano wa kukutana na pacha wake asiye ndugu.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba tunawasema watu wa mbali. Hivi punde safu hii imejibu swali kwa neno "la", na hakuna aliyeshtuka, maana ni neno letu, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na Mzanzibari hukataa nalo kwa upole, akiongeza "hasha" anapotaka kukaza. Lakini hebu lisikilize kwa sikio la mgeni. Katika sarufi yetu wenyewe, "la" ni kiunganishi, kama katika "jina la mtoto". Tena ni mzizi wa kitendo cha kula. Mfaransa, Mhispania na Mwitalia hulitanguliza mbele ya majina ya jinsi ya kike, wala halina maana ya kukataa. Mwanamuziki husikia sauti ya sita ya ngazi ya muziki. Mchina, likitamkwa kwa sauti inayoshuka, husikia "kali kama pilipili". Na mkulima wa Bara ambaye siku zote amekataa kwa "hapana" anaweza kumsikia daktari kutoka Unguja akisema "la", akabaki ananyamaza akisubiri sentensi imalizike.

Pengine mtu atauliza: mbona ndani ya Kiswahili tunayo maneno ya namna hii na hatugombani? Tuna "kaa" wa pwani, "kaa" la moto na "kaa kitako". Tuna "paa" la nyumba, "paa" wa porini na kupaa angani. Tuna "ua" la bustanini, "ua" wa nyumba na "ua" la mauaji. Jibu ni kwamba katika lugha yetu sentensi nzima hulishika neno mkono na kulionyesha njia. Hakuna anayesikia "nimeezeka paa" akamwonea huruma mnyama. Hatari huanza pale msikilizaji anapokuwa hana sentensi, amelidaka neno moja tu ndani ya giza, kisha akalitia maana aliyotoka nayo kwao. Wala yeye hajui kwamba ameongeza kitu; anadhani amesikia.

Kirundi kina mfano mwingine. Neno "ejo" humaanisha jana, tena humaanisha kesho. Kitendo kinachofuatana nalo ndicho kinachoonyesha kama siku hiyo imepita au inakuja. Mrundi hakosei kamwe. Lakini karani aliyejifunza kwamba "ejo" ni kesho, asijue zaidi ya hapo, anaweza kumwandikia mtu tarehe ya kurudi kwa ajili ya jambo ambalo mtu huyo anamweleza kwamba limekwisha kutokea. Liko pia neno moja la herufi tano ambalo kwa Kirundi humaanisha tu "mama yako", bila ya ubaya wowote, na ambalo kwa Kiswahili ni tusi la kuvunja urafiki na hata la kufikishana polisi. Gazeti hili halitaliandika. Wanaolijua wanalijua, nao watakubali kwamba mtu anaweza kuulizia hali ya mzazi wa mwenzake kwa upendo akaambulia kofi.

Sasa tuyaseme yanayowahusu watumishi.

Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Afisa aliyezaliwa Chake Chake au Makunduchi anaweza kupangiwa kazi Mpanda, na siku moja kukaa mezani akimkabili mzee wa Mishamo. Muuguzi aliyesomea pwani anaweza kupelekwa kwenye zahanati ya bara kabisa. Hakimu, polisi, bwana shamba na mwalimu hali kadhalika. Kila mmoja wao, katika kazi yake, huuliza maswali ambayo jibu lake ni neno moja: unakubali au hukubali? Ni wako au si wako? Umeelewa au hukuelewa? Na neno hilo moja huandikwa kwenye karatasi, likapigwa muhuri, likawa ukweli wa Serikali.

Fikiria mama mzee aliye kitandani, ambaye maumivu yamemwondolea Kiswahili chake. Anaulizwa kama anakubali kupasuliwa. Anasema "oya, oya". Muuguzi mgeni akidhani anaitwa, atamjibu kwa wema: "Nipo, mama, usiogope", kisha ataendelea na maandalizi. Wema wake hautapunguza kosa. Kukataa ni haki ya mtu juu ya mwili wake, juu ya shamba lake na juu ya saini yake. Na haki hiyo haipungui kwa kuwa imetamkwa katika lugha ambayo mwenye ofisi haijui. Kinyume chake pia ni kweli: mtu anaweza kuitwa mkaidi, au kuandikwa kuwa amekataa, ilhali hakukataa.

Safu hii haidai kwamba kila mtumishi ajifunze lugha zote za mkoa anakopelekwa. Maisha hayatoshi. Inapendekeza mambo manne yasiyohitaji bajeti kubwa.

La kwanza, anayepangiwa kituo kipya ajifunze katika wiki yake ya kwanza maneno machache ya lugha zinazosemwa pale, akianza na kukubali na kukataa. Kwa Kirundi, "ego" ni ndiyo na "oya" ni hapana. Hayo ni maneno mawili yenye herufi sita kwa jumla, na yanaweza kumwepusha mtu na hukumu isiyo yake.

La pili, maswali mazito yasipokelewe kwa jibu la neno moja. Anayekubali aseme amekubali nini; anayekataa aseme anakataa nini; kisha mtumishi alirudie jibu hilo kwa sauti, na mwenyewe athibitishe. Sentensi nzima haina mapacha wengi kama neno fupi.

La tatu, mkalimani awe mtu mzima anayeaminika. Tumezoea kumtumia mjukuu, kama alivyotumika kwenye stendi, na kwa mfuko wa maharage si vibaya. Lakini mbele ya daktari au hakimu, mtoto hapaswi kubebeshwa siri za bibi yake, wala bibi hapaswi kuficha ugonjwa wake kwa kumwonea haya mtoto.

La nne, ambalo ni jepesi kuliko yote na ndilo gumu kuliko yote: mtumishi akubali kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisema pia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nasi tungeongeza kwamba sikio nalo hujikwaa, tena mwenyewe asihisi maumivu, maana anayeumia ni yule mwingine.

Tumezoea kujivunia, kwa haki kabisa, kwamba Kiswahili kimetuunganisha kuliko mataifa mengi. Fahari hiyo isitufanye tuamini kwamba kila sauti inayotufikia ni ya Kiswahili. Lugha ya taifa hupata nguvu pale msemaji wake anapokuwa wa kwanza kusema "samahani, sikukuelewa", na si pale anapokuwa wa kwanza kucheka.

Siku mwandishi huyu alipokuwa akiondoka Mpanda, alimkuta yule kijana wa bodaboda pale pale stendi. Gari la Katumba lilikuwa limefika na abiria wakiteremka. Kijana alimsogelea mzee mmoja mwenye fimbo, akamwamkia, akamwuliza kama anahitaji usafiri. Mzee akatamka neno lake fupi. Kijana hakugusa mzigo. Aliinama kidogo, akauliza: "Babu, hiyo ni oya ya kuniita, au oya ya kunikatalia?"

Mzee alitabasamu, akamkabidhi fimbo, akapanda.